Dishi Lililochukuliwa: kisa cha intaneti ya setilaiti ng'ambo ya Ziwa Tanganyika

Kisa kinahusu nini

Shirika moja dogo la afya, lenye ofisi na stoo Kigoma mjini, lilikuwa likivusha dawa na vyakula vya lishe kwa boti hadi vituo vitatu vya afya upande wa Kongo. Kila kituo kilikuwa na dishi la intaneti ya setilaiti. Mapigano yaliposogea, dishi moja lilichukuliwa na watu wenye silaha, likaendelea kufanya kazi kwa jina la shirika na kwa pesa ya shirika. Hapa tunaeleza yaliyotangulia, yaliyofuata, na mahali ambapo mambo yangeweza kwenda vingine.

Jina la shirika, la vituo na la watumishi yameondolewa, pamoja na tarehe kamili. Vituo tunaviita A, B na C. Ni kisa cha mwaka 2025, miezi iliyofuata kuanguka kwa Bukavu mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Februari, wakati askari waliotawanyika na wananchi waliokimbia walikuwa wakishuka kusini kufuata ziwa.

Tunawaandikia waratibu na mafundi, lakini zaidi wahasibu na maofisa ugavi. Karibu kila kosa lililoonekana siku dishi lilipochukuliwa lilikuwa limeshafanyika siku liliponunuliwa.

Mazingira

Kituo A kiko ufukweni, katika mji mdogo wenye mwalo ambako boti kutoka Kibirizi, bandari ndogo ya Kigoma, hushusha mzigo. Kituo B kiko milimani, mwendo wa saa tatu kwa pikipiki wakati wa kiangazi. Masika hakuna dereva anayetoa ahadi. Kituo C kiko kusini zaidi, mbali na barabara kuu, na wakati wote wa kisa hiki hakikuguswa na mapigano.

Kwa miaka mingi vituo hivi vilitegemea simu za kawaida. Minara ya simu maeneo hayo huendeshwa kwa jenereta au sola, na vita ikianza mafuta ndiyo huchelewa kwanza. Mnara ukizima, Kigoma haijui kama mwalo uko salama, boti haiondoki, na dawa za malaria zinakaa stoo huku watoto wakilazwa ng'ambo. Hitaji la mawasiliano lilikuwa la kweli kabisa. Anayesoma kisa hiki asidhani ushauri wetu ni watu warudi kwenye barua za kutuma kwa nahodha.

Shirika likanunua vifaa vitatu vya setilaiti za mzunguko wa chini, zile zinazozunguka karibu na dunia. Vilinunuliwa nchi jirani ambako huduma ilikwisha ruhusiwa, kwa kifurushi cha kusafiri nacho. Vyote vitatu viliingizwa kwenye akaunti moja, kwa barua pepe moja, na malipo yakikatwa kila mwezi kwenye kadi moja ya mhasibu. Ilikuwa rahisi kusimamia na ankara ilikuwa moja. Nenosiri la waifai lilikuwa moja kwa vituo vyote, limeandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani ofisini kwa mganga.

Kuhusu vibali, Kongo ilikuwa na msimamo uliokuwa unajulikana: Machi 2024 mdhibiti wa mawasiliano wa huko, ARPTC, alitangaza kuwa Starlink, huduma ya Elon Musk ya intaneti ya setilaiti hizo, haikuwa na ruhusa nchini humo, na jeshi lilikuwa na wasiwasi kuwa waasi wangeitumia. Leseni ilikuja Mei 2025. Tanzania nayo ilikuwa haijatoa leseni kwa Starlink, na sheria ya mawasiliano ya 2010 inataka kifaa cha mawasiliano kiidhinishwe na TCRA, mdhibiti wa mawasiliano wa Tanzania, kabla hakijaingizwa au kutumika. Hivyo vifaa vitatu vilipita bandarini vikiwa vimefungwa, na karatasi zikisema "vifaa vya kompyuta". Maneno hayo mawili matatu kwenye hati ya mzigo yalikuja kuligharimu shirika kuliko dishi lenyewe.

Redio za upepo, zile za kuzungumza kwa mawimbi bila mnara wala setilaiti, zilikuwepo vituo vyote, urithi wa mradi wa zamani. Baada ya intaneti kufika hakuna aliyezigusa.

Nini kinachotoka kwenye dishi

Watu wengi hufikiri hatari ya dishi ni kwamba adui atasikiliza mazungumzo. Kwa mifumo mipya hilo ni hatari ndogo, kwa sababu mawasiliano kati ya dishi na setilaiti husimbwa, yaani hugeuzwa kuwa fumbo. Mifumo ya zamani ya VSAT, ambayo setilaiti zake zimekaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, ndiyo ya kuogopa zaidi kwa hilo: Oktoba 2025 watafiti wa vyuo vikuu vya California San Diego na Maryland walionyesha kuwa kiasi kikubwa cha data kwenye setilaiti hizo husafiri wazi na kinaweza kupokewa kwa vifaa vya kawaida vya dukani. Kwa dishi la mzunguko wa chini, jambo la kujiuliza ni nani anajua liko wapi, na lina watu gani karibu yake.

Njia za kujua ni kadhaa, na hazilingani uzito.

Mwale wa dishi wenyewe ni mgumu kuukamata ukiwa chini. Dishi la Starlink hupandisha mawimbi kwa gigahezi 14.0 hadi 14.5, kwa mwale mwembamba unaoelekea setilaiti zilizo kama kilomita 550 juu. Mtu aliye bondeni kilomita kadhaa kutoka hapo hapati kitu cha maana. Aliye na droni yenye kipokezi juu ya mji ana nafasi nzuri zaidi. Simu za setilaiti za zamani zilikuwa hatari kubwa kuliko hivi. Aprili 1996 Dzhokhar Dudayev, kiongozi wa Chechnya aliyekuwa akipigana na Urusi, aliuawa kwa makombora akiwa anazungumza kwenye simu ya namna hiyo.

Waifai ndiyo inayopiga kelele. Ruta, kisanduku kinachotoa waifai, hutangaza jina lake na namba yake ya utambulisho kama mara kumi kila sekunde, na simu yoyote inayopita barabarani inaweza kusoma. Mwaka 2024 watafiti wa Maryland walionyesha kuwa kwa kutumia mfumo wa Apple wa kutambua mahali, mtu aliyekaa bara jingine angeweza kuona ruta za Starlink zikiingia na kuhama ndani ya Ukraine. Starlink ilikuwa imeanza kubadilisha namba hizo mwaka 2023 ili zisifuatike. Kinga iliyo mikononi mwa mtumiaji ni kuongeza herufi _nomap mwishoni mwa jina la waifai. Google na Apple huiheshimu. Ni kazi ya dakika moja, lakini kwenye vituo vyote vitatu majina ya waifai yalikuwa yaleyale yaliyotoka kiwandani, yanayotaja aina ya kifaa.

Kisha kuna jicho. Kibamba cheupe juu ya bati huonekana kutoka mbali na kutoka juu. Tarehe 3 Machi 2022, siku chache baada ya madishi ya Starlink kufika Ukraine, Elon Musk mwenyewe aliwaonya watumiaji hadharani kuwa uwezekano wa kulengwa ni mkubwa: wawashe pale tu wanapohitaji, waweke antena mbali na watu, waifunike kwa kitu chepesi. Onyo hilo lilitoka kwa mwenye kampuni, na lilikuwa wazi kwa kila mtu miaka mitatu kabla ya kisa hiki.

Mwisho ni akaunti. Kampuni inajua dishi liko wapi, limetumia data kiasi gani, na nani analipa. Katika eneo la vita mwenye kitu cha namna hii ni yule ambaye jina lake liko kwenye ankara, hata kama kitu chenyewe kiko mikononi mwa mwingine.

Mfuatano wa matukio

Minara ya simu ya mji wa Kituo A ilizima kabla mapigano hayajafika. Ndani ya siku mbili tatu watu walijaa uani jioni: wafanyabiashara, akina mama wanaotafuta waume waliokimbia, vijana wa bodaboda. Mganga mfawidhi aliona huruma, akawapa nenosiri. Tunaelewa kwa nini, na wengi wangefanya hivyo.

Kisha walikuja askari waliokuwa wakirudi nyuma, na baada yao wapiganaji wa kundi la wenyeji. Kamanda mmoja alisimama mlangoni akasema kwa upole, "Muganga, mutupe ile kode, tuongee na familia." Kumkatalia mtu mwenye bunduki mlangoni kwa wagonjwa hakukuwa jambo la kujadiliwa. Kuanzia hapo, muda wowote dishi likiwashwa, kulikuwa na watu wenye silaha wamekaa chini ya ukuta wa wodi ya wazazi, kwa sababu hapo ndipo mawimbi yalikuwa na nguvu.

Fundi aliyeko Kigoma aliona kwenye programu kuwa vifaa vilivyounganishwa na ruta ya Kituo A vimepanda kutoka vichache hadi zaidi ya arobaini. Ripoti za dawa zikaanza kukwama kwa sababu video zilikuwa zimekula njia yote. Mara hiyohiyo mganga akaripoti kuwa usiku droni inasikika juu ya mji. Hakuna aliyejua ni ya nani wala inatafuta nini.

Kigoma walipunguza saa za kuwasha. Siku chache baadaye, alasiri, kundi lile lilikuja na pikipiki, likapanda juu ya bati, likang'oa dishi, likachukua ruta, waya, inveta na betri ya sola. Mganga alimpata mvuvi mwenye laini iliyokuwa ikishika mnara wa mbali, akamtumia fundi ujumbe: "Kaka, wamebeba kila kitu, mpaka betri. Hatujaumia."

Jioni hiyo akaunti ilionyesha kifaa cha Kituo A kiko hewani. Mahali hapakuonyeshwa, ila matumizi ya data yalikuwa yanapanda kwa kasi.

Maamuzi, na sababu zake

*Kupunguza saa.* Kabla ya wizi, Kigoma ilikuwa na njia tatu: kubadilisha nenosiri kutoka mbali, kuzima kifaa kabisa, au kuweka saa. Kubadilisha nenosiri kungemwacha mganga akijieleza peke yake mbele ya kamanda. Kuzima kabisa kungekata mawasiliano ya boti. Walichagua saa, dakika arobaini asubuhi na arobaini jioni, na sababu iliyotolewa ilikuwa ya kweli: umeme. Kifaa cha kawaida hula wati 50 hadi 75 kikiwa kazini. Betri ya risasi ya volti 12 yenye saa-ampea 100, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inakupa kama wati-saa 600, na inveta hula sehemu yake. Ni matumizi ya saa nane, kwa bahati nzuri. Taa za chumba cha kujifungulia zilikuwa kwenye betri hiyohiyo. Hesabu hiyo iliandikwa ukutani, kamanda akaisoma, hakubisha. Tunauona huu kuwa uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki. Ulipunguza muda wa watu wenye silaha kukaa wodini bila kumfanya mtumishi yeyote kuwa adui wa mtu.

*Kukata au kusubiri.* Usiku wa wizi kulikuwa na mvutano ofisini. Mhasibu alitaka akate huduma papo hapo: kila dakika shirika lilikuwa likilipia mawasiliano ya vita. Mratibu alikataa. "Kaka, tukizima sasa hivi, watarudi kwa mganga kumuuliza kwa nini," alimwambia. Wote wawili walikuwa na hoja. Waliamua watumishi watoke kwanza, kisha huduma ikatwe. Watumishi watano walipanda boti la alfajiri kuelekea kusini, Kituo C. Huduma ilikatwa siku iliyofuata baada ya kuthibitishwa kuwa wamefika.

*Namna ya kukata.* Hapa hawakuwa wamejiandaa. Kulikuwa na vitufe viwili na barua moja. Kusitisha malipo kunazima huduma, lakini kifaa kinabaki kwenye akaunti kwa jina la shirika. Kukiondoa kifaa kwenye akaunti kunakata uhusiano, lakini kunampa aliyekishika nafasi ya kukisajili upya kwa jina lake, kwa sababu namba ya kifaa imeandikwa mgongoni mwa dishi. Njia ya tatu ni kuiandikia kampuni kuwa kifaa kimeibwa, nayo ikifunge kisiweze kutumika tena na yeyote. Walisitisha kwanza, kisha wakaandika.

Barua hiyo ilitaka namba ya kifaa na mahali kilipoibwa. Namba hawakuwa nayo. Sanduku lilibaki Kituo A, na hakuna aliyepiga picha. Mahali kilipoibwa palikuwa nchi ambayo kifurushi hakikuruhusu kukaa muda mrefu. Kampuni ilipokea barua, ikapitia akaunti nzima, ikasimamisha vifaa vyote vitatu hadi maelezo yatolewe.

Matokeo

Hakuna mtumishi wala mgonjwa aliyeuawa au kujeruhiwa kuhusiana na dishi. Kifaa hakikurudi. Kwa zaidi ya siku moja kilitumiwa na watu wasiojulikana kwa jina la shirika la afya, na hakuna atakayejua kilitumika kufanya nini.

Vituo B na C vilikaa karibu wiki tatu bila intaneti, ingawa havikuwa na tatizo lolote. Boti lililokuwa limepakiwa Kibirizi lilikaa kwenye maji likisubiri neno moja tu kuhusu mwalo. Nahodha aligoma kuondoka, na alikuwa sahihi. Kituo C walifufua redio ya upepo ndani ya siku mbili. Kituo B hawakuweza: betri ilikuwa imekufa na waya wa antena ulikuwa umegeuzwa kamba ya kuanikia nguo.

Polisi na mamlaka za bandari Kigoma hawakupewa taarifa, kwa sababu taarifa ingeanza na swali la jinsi vifaa vilivyopita.

Uchambuzi

Tuanze na lililo zito zaidi. Kituo cha afya kinalindwa na sheria ya vita. Kwa mapigano ya ndani ya nchi, Itifaki ya Pili ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, kifungu cha 11, inasema ulinzi huo hauondoki isipokuwa kituo kimetumika kwa vitendo vya uhasama nje ya kazi yake ya kibinadamu, na hata hapo baada ya onyo. Mpiganaji anayempigia mama yake kwa waifai ya zahanati hajaifanya zahanati kuwa kambi. Lakini anayetazama kutoka kwenye droni haoni mazungumzo. Anaona bunduki kumi chini ya ukuta mmoja, kila jioni, saa ileile. Dishi liliwekwa juu ya bati la wodi kwa sababu huko hakuna miti. Lingewekwa kwenye nguzo kando ya uzio, kwa waya wa mita 15 unaokuja na kifaa, na ruta ikawekwa kwenye kibanda cha mlinzi, watu wangekusanyika huko. Wagonjwa wangekuwa mbali nao kwa mita hizo 15 na upana wa ua. Huo ndio mpangilio wa bei rahisi kuliko yote, na ungepunguza hatari zaidi ya programu yoyote ya kulinda data.

Jambo hili limekuwa wazi zaidi tangu Ukraine. Oktoba 2022 mwakilishi wa Urusi kwenye Umoja wa Mataifa alisema waziwazi kuwa setilaiti za kibiashara zinazosaidia upande mmoja wa vita zinaweza kuwa shabaha halali ya kulipiza. Ukikubaliana naye au ukimpinga, ameeleza jinsi wapiganaji wanavyofikiri. Kwenye mtandao mmoja wapo mwalimu, muuguzi na mrusha droni, wote kwa dishi la sura ileile. Mwenye zahanati hawezi kubadilisha hilo. Anachoweza ni kuhakikisha dishi lake halichanganywi na la mwingine.

La pili ni akaunti moja. Ni kosa la kiutawala ambalo lina sura ya kiufundi. Vituo viwili vilivyokuwa salama vilinyamaza kwa sababu ya kituo cha tatu. Mfano mkubwa wa jinsi tatizo la mahali pamoja linavyoenea ni ule wa Viasat, kampuni ya Marekani ya intaneti ya setilaiti: 24 Februari 2022, kama saa moja kabla ya majeshi ya Urusi kuingia Ukraine, wadukuzi waliingia kwenye mfumo wa usimamizi wa mtandao wa setilaiti yake ya KA-SAT na kufuta programu ndani ya modemu za wateja. Maelfu mengi ya modemu zilikufa, si Ukraine tu. Ujerumani mitambo ya upepo 5,800 ya kampuni ya Enercon ilipoteza usimamizi wa mbali, ingawa Ujerumani haikuwa vitani. Tarehe 24 Julai 2025 Starlink nayo ilizima karibu dunia nzima kwa saa mbili na nusu hivi, kuanzia kama saa nne usiku kwa saa za huku, kwa hitilafu ya programu za ndani, bila adui yeyote. Shirika dogo haliwezi kuzuia hayo. Linaweza kuzuia yale ya kwake: akaunti tofauti kwa kila kituo, kadi tofauti ya malipo ya kabla, barua pepe ya ofisi badala ya ya mtu.

Kuhusu vibali, baadhi ya watu wa mashirika huona leseni kama usumbufu wa watu wa mezani. Kisa hiki kinaonyesha faida yake ya vitendo: kitu kisicho halali hakiripotiki kuwa kimeibwa. Bila taarifa ya polisi hakuna hati ya kuionyesha kampuni, na bila hati hiyo shirika halina ushahidi kuwa siku fulani, saa fulani, kifaa kilitoka mikononi mwake. Siku upande wowote wa vita ukikamata dishi hilo na kusoma namba yake, shirika litahitaji karatasi hiyo kuliko kitu kingine. Aidha, kifurushi cha kusafiri nacho kinaweza kukatwa kwa sababu isiyohusiana na wizi wala vita. Aprili 2024 Starlink ilikwisha waonya wateja wa nchi zisizo na leseni kuwa huduma itasitishwa, na Sudan, ambako mitandao ya simu ilikuwa imezimwa na vita, mashirika ya misaada yalipaza sauti kwa sababu hayakuwa na njia nyingine.

Uamuzi wa kutoa watumishi kwanza tunauunga mkono, pamoja na gharama yake. Kilichokosekana ni maandalizi ya kuufanya uwe mfupi. Kama Kituo A kingekuwa na neno la siri la redio na boti lililokwisha kubaliana, saa zote zile zingekuwa tano au sita.

Huruma ya mganga kuwapa watu nenosiri haifai kuhesabiwa kosa. Kosa ni kwamba hakupewa namna ya kuwa na huruma salama. Ruta nyingi huruhusu majina mawili ya waifai: moja la kazi, lisilotolewa kwa yeyote, na moja la wageni, lenye nenosiri la karatasi linalobadilishwa kila wiki. Mwenye silaha akidai, anapewa la wageni, na ripoti za dawa hazikwami. Jina la kazi pia linazuia jambo ambalo wengi hawalijui: kwenye vifaa vya aina hii, aliyeunganishwa na waifai kuu anaweza kufungua programu ya kampuni bila nenosiri la akaunti, akasoma hali ya dishi na hata kuliwasha upya.

Utaratibu uliowekwa baadaye

Shirika lilifungua ukurasa mpya, kwa vibali na kwa waya.

Kila kifaa sasa kina akaunti yake, na picha ya namba yake iko Kigoma kwenye daftari la stoo, si kwenye simu ya mtu. Maelezo kwenye hati za mzigo yanataja kifaa kilivyo. Barua ya kuripoti wizi imeshaandikwa tayari, kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, ikibaki nafasi ya tarehe tu. Dishi limekaa kwenye nguzo fupi mbali na majengo ya wagonjwa, limepakwa rangi ya udongo pembeni tu. Uso wake hauguswi, maana rangi yenye chembe za chuma huua mawimbi. Nguo nyepesi ya pamba kavu haina shida, ikilowa huleta shida. Jina la waifai halitaji kituo wala kifaa, na linaishia na _nomap.

Amri ya kuzima imegawanywa. Mganga anaruhusiwa kuzima wakati wowote bila kuuliza. Kigoma haizimi kutoka mbali kabla ya kusikia kuwa watumishi wako salama, isipokuwa saa sita zimepita bila neno. Hapo mratibu na mtu mwingine mmoja huamua pamoja na kuandika sababu.

Redio za upepo zimerudi, na hapa inafaa kutoa vipimo kwa sababu mafundi vijana wengi hawajawahi kuzifunga. Kati ya Kigoma na vituo vya ng'ambo kuna kilomita mia na zaidi na safu ya milima. Waya ukiutundika juu sana ukitafuta masafa ya mbali, mawimbi yatapita juu ya vichwa vya unaowatafuta. Unataka yapande wima na kurudi chini kama mvua. Tundika antena ya waya mbili zilizolala, mita nne hadi sita tu kutoka ardhini, mbali na bati. Urefu wote kwa mita ni 143 ukigawa kwa megahezi: kwa megahezi 7 ni mita 20.4, kila upande 10.2, kwa megahezi 4 ni kama mita 35.8. Mchana tumia megahezi 6 hadi 7, jua likizama shuka hadi megahezi 3 au 4. Redio ya wati 100 huvuta kama ampea 20 wakati wa kusema, kwa hiyo waya wa betri uwe mnene na mfupi, na betri iwe ya redio peke yake. Yeyote anaweza kusikiliza, na mwenye vifaa anaweza kutafuta uelekeo, hivyo hakutajwi majina ya watu, idadi ya dawa wala saa ya boti. Kuna karatasi ya maneno ishirini yaliyokubaliwa, na inabadilishwa kila mwezi.

Kila Jumanne saa mbili asubuhi vituo vyote huitwa kwa redio, hata kama intaneti inafanya kazi vizuri. Kituo kisichojibu mara mbili mfululizo hupelekewa fundi na boti linalofuata, akiwa na betri na mita arobaini za waya.